Njia ya Bidoni

Beni, tarehe 3 Juni 2023

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Débora,

Pokea salamu nyingi, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Mgongo unaendeleaje? Issaka, yule dereva anayeleta mizigo yangu hadi Bulengera, aliniambia alikuona sokoni unatembea umeinama, nikakosa raha siku nzima. Sisi hapa Beni tu wazima. Wifi yako Abigaïl alishikwa na malaria, lakini tangu jana ameanza kugombana na mimi, kwa hiyo amepona. Shemeji Ésaïe akishuka kutoka Kamango kwenye kakao yake, mwambie namkumbuka.

Habari ya baba mdogo Katembo imenifikia. Kwamba alisema mbele ya ukoo shamba la Baba halina maji, na shamba lisilo na maji ni la kupandwa kalitusi. Kwamba atafika huko mwisho wa Agosti, na asipokuta kabichi zimefunga ataleta miche yake ya kalitusi. Yaya, hiyo miti ikiingia pale hatutaona tena shamba wala kijito.

Donc, basi, sikukaa bure. Utaona kwenye mzigo wa Issaka tiyo nyeusi, mpira wa maji wa mita mia moja na ishirini, robine mbili za kufungia maji, chujio la kuweka mdomoni mwa tiyo, na vinyunyizio vitatu. Kila kinyunyizio kina miguu yake mitatu ya chuma. Unakisimamisha kwenye tuta, kinazunguka chenyewe, kikimaliza hapo unakibeba mkononi unakipeleka tuta lingine. Hakuna mashine wala mafuta. Maji yanashuka kutoka juu kwa uzito wake, na uzito huo ndio unaozungusha.

Nimekuchorea. Pale juu, njia yetu ya bidoni, ya kubebea madumu ya maji, inapokutana na kijito, weka mawe na magunia ya mchanga maji yajikusanye. Chomeka tiyo hapo. Halafu ishushe moja kwa moja juu ya njia ile ile, upitie pale tambarare Baba alipokuwa anapumzika, hadi kwenye matuta. Mstari mmoja, usipinde popote. Njia hiyo naijua hata nikifumba macho. Nilipanda na bidoni tupu na kushuka na bidoni zimejaa kwa miaka kumi.

Unakumbuka siku niliyoondoka? Nilimwambia Baba sikuzaliwa kubeba bidoni. Akanijibu, "Basi utuletee maji yenye miguu." Haya, yamekuja, ingawa mwenyewe hayupo kuyaona.

Nitafika Agosti, kazi ya kutengeneza mashine hapa atelier, karakana yangu, ikipungua.

Mdogo wako,
Éliakim


Vuhovi, tarehe 12 Juni 2023

Mdogo wangu Éliakim,

Nimefurahi kusikia Abigaïl anagombana. Mwambie aongeze. Mgongo wangu ni ule ule, hauna habari mpya. Nakuandikia kwa sababu huku mtandao ni mpaka nipande hadi kwa antena, na mara ya mwisho nilipopanda ulinikatia simu ukasema una mteja. Karatasi huwezi kuikata.

Mzigo ulifika wote. Wasingya, asante. Nilimlipa kijana wa pikipiki mara mbili kwa sababu tiyo yako ni kubwa kama abiria wawili. Nimejenga ukuta wa mawe na magunia, nimechomeka, nimefunga, nimefungua.

Éliakim, maji yanatoka kama mtoto anayenyimwa ruhusa. Kinyunyizio cha kwanza kinatikisa kichwa kidogo halafu kinasimama. Cha pili kinalia tu, hewa inapita ndani. Cha tatu kimesimama na miguu yake mitatu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima nikingoja kizunguke. Jirani yetu Vagheni alikuja kwenye mpaka wake akaangalia, akauliza, "Mama Débora, hii kitu iko na fanya nini?"

Kabichi elfu moja na mia mbili nimezihamishia shambani tangu mwisho wa Mei, na mvua ya mwisho ilinyesha siku hiyo hiyo. Narudia bidoni. Njoo uone kitu chako. Kutoka kwako hadi kwangu ni nusu siku tu na Issaka.

Yaya yako,
Débora


Beni, tarehe 17 Juni 2023

Yaya,

Salamu za amani. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Hapa Abigaïl amefuata shauri lako, ameongeza.

Usikate tamaa na kifaa, hakina kosa. Nilikijaribu hapa atelier kabla ya kukifunga, kilizunguka hadi kikalowesha pikipiki ya mteja. Kosa liko kwenye njia. Fanya hivi. Toa chujio, lisafishe, majani madogo yanaziba. Funga robine ya chini, acha tiyo ijae maji mpaka hewa yote itoke, ndipo ufungue polepole. Angalia maungio yote, yakivuja kaza. Anza na kinyunyizio kimoja tu, kikizunguka vizuri ongeza cha pili.

Na uniambie ukweli: umefuata mchoro? Maana kutoka kijitoni hadi kwenye matuta kuna mteremko mkali. Maji pale hayawezi kukosa nguvu, labda yawe yamebadili tabia tangu niondoke.

Kuhusu kuja, barabara unaijua, leo nzuri kesho mbaya. Na nina mashine nne za watu zimefunguliwa ziko chini. Agosti nitakuja.

Mdogo wako,
Éliakim


Vuhovi, tarehe 25 Juni 2023

Mdogo wangu,

Nakusalimu na mikono yenye matope. Sisi tunapumua. Natumaini mashine zako nne hazina homa.

Chujio nimelisafisha mara tatu. Robine nimefunga, nimengoja, nimefungua polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Maungio nimeyakaza kwa kamba za mpira wa baiskeli mpaka vidole vikatoka damu. Nimeanza na kinyunyizio kimoja. Kilizunguka mara sita. Nilihesabu. Halafu kikakohoa kikaacha.

Mchoro nimeufuata, karibu wote.

Nahitaji tiyo nyingine, mita arobaini, unene ule ule. Nimeunga kwa tiyo nyembamba ya kuoshea pikipiki niliyoazima Bulengera, lakini hiyo haipitishi kitu. Usiniulize maswali mengi, tuma mita arobaini. Au njoo nazo wewe mwenyewe, itakuwa vizuri zaidi.

Naamka, nabeba bidoni ishirini kabla ya jua kukaza na kumi na tano jioni. Matuta ya juu yananywa, ya chini yanabaki na kiu. Kabichi za chini zimeanza kugeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Zamani tulikuwa watatu kwenye njia hii, Baba, wewe na mimi. Sasa nikifika katikati na bidoni, nikitaka kuitua, hakuna wa kuniambia nipumzike.

Baba mdogo alipita Jumapili baada ya ibada. Alisimama akatazama vinyunyizio vyako, akasema, "Hii ni bitu ya kupamba shamba." Akaondoka anacheka peke yake.

Yaya yako,
Débora


Beni, tarehe 2 Julai 2023

Yaya Débora,

Nakusalimu. Hapa hali ni kawaida.

Nimesoma barua yako mbele ya Abigaïl, naye akasema nisikujibu leo, nijibu kesho. Najibu leo.

Mita arobaini za nini? Njia ile ina mita mia moja na kumi. Nilikutumia mia moja na ishirini, kumi zikiwa za ziada. Sikupima kwa kamba, nilipima kwa miguu yangu miaka kumi na bidoni kila mkono. Kama mia moja na ishirini hazitoshi, basi kuna mtu amekata kipande. Umemwazima nani? Usinifiche. Najua huko mtu akikuomba unashindwa kusema hapana.

Na ukisema umefuata mchoro "karibu wote", maana yake hukuufuata. Nilisema mstari mmoja, usipinde. Ni kitu gani kigumu hapo? Ni njia, inashuka, unalaza tiyo juu yake. Mimi nimekaa hapa na mashine za watu najitahidi kuokoa shamba la Baba kwa mbali, na wewe uliye pale unafanya unavyotaka halafu unaniambia kifaa ni kibovu. Nachoka, Yaya. Kweli nachoka.

Tiyo sitatuma mpaka nijue ile ya kwanza iko wapi.

Agosti nikija jambo la kwanza tutakwenda wote wawili makaburini kanisani, nisimame mbele ya Baba, pale kando ya Mama, nimwombe msamaha kwamba sikuwepo siku ya mazishi. Hilo nalibeba kila siku. Usidhani nimesahau.

Mdogo wako,
Éliakim


Vuhovi, tarehe 9 Julai 2023

Éliakim,

Salamu. Mimi mzima. Wewe pia uwe mzima, usome hadi mwisho.

Makaburini kanisani, kando ya Mama, utakuta Mama peke yake.

Mwaka mmoja na miezi mitatu tangu Baba atutoke na hujauliza hata siku moja amelala wapi. Wiki ya mazishi barabara ilifungwa, najua, watu walikuwa wanakimbia vita, hakuna aliyekulaumu. Ilifungwa siku nne. Siku ya tano Issaka alipita. Matanga tulikaa wiki mbili nzima, kila pikipiki iliyosimama chini nilidhani ni wewe. Ulituma sukari na turubai. Watu walikaa chini ya turubai lako wakiuliza mwenyewe yuko wapi.

Sasa nitakuambia, ingawa nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hili hutalisoma kwenye karatasi. Nilitaka uje, uulize, nikushike mkono nikuonyeshe.

Siku mbili kabla hajafa, Baba alituita, baba mdogo Katembo akiwepo. Mchungaji alikuwa ameshachagua nafasi kando ya Mama. Baba akakataa. Alisema, "Munilalishe pale katikati, pale nilikuwa napumuzika na bidoni. Mama yenu atanisamehe. Mi nilichokea njia ile, acha nipumuzikie pale pale." Tukamlaza pale. Ni ile tambarare ndogo ambayo watu wanne hawasimami bila kugusana. Kaburi limeijaza yote.

Mstari wako mmoja usiopinda unapita juu ya kifua cha Baba.

Watoto wa ukoo wetu hawaruki kaburi hata kwa mguu, nawe unataka nilaze tiyo juu yake, na kila asubuhi niivute na kuiburuta nikihamisha vinyunyizio? Nilikwenda kwa Vagheni nikamwomba nipitishe upande wa kulia, kwenye ukingo wa shamba lake. Akasema, "Leo ni tiyo, kesho mutasema udongo ni yenu." Ikabaki kushoto. Kushoto kuna ule mgongo wa mawe, unaujua wewe mwenye miguu inayopima. Tiyo inapanda mgongo mpaka karibu inalingana na kijito, ndipo inashuka. Hizo ndizo mita zako arobaini. Hakuna aliyekata wala kuiba kitu.

Mimi si fundi, lakini niliona mwenyewe kwamba maji yanafika juu ya mgongo yamechoka. Ningekuambia ukweli siku ya kwanza ungenipa dawa yake siku ya pili, hilo najua. Nimejikasirikia kwa hilo. Kabichi za matuta manne ya chini zimekufa kwa sababu mimi nilitaka uje na wewe ulitaka kutuma. Baba mdogo atapanda kalitusi zake, mizizi itaingia hadi alipolala Baba, na wewe na mimi tutakuwa tumeandikiana barua nzuri.

Tiyo yako iko juu ya mgongo. Njoo uitazame.

Débora


Vuhovi, tarehe 30 Julai 2023

Mdogo wangu,

Natumaini mpo salama wote wawili. Wiki tatu, hakuna neno. Nilimngojea Issaka pale Bulengera nikamuuliza kama barua alikupa. Akaniambia, "Nilimupatia mu mukono, Mama. Alisoma akisimama, halafu akafunga atelier. Ilikuwa saa ine ya asubui. Mie hapana uliza." Siku hiyo ulifunga, na baada ya hapo sijui.

Kabichi zimebaki mia sita. Nazibebea maji. Niliandika kwa hasira, lakini nikisoma upya kichwani sioni neno la kufuta. Ila nimekosa kuandika "Yaya yako" pale chini, na hilo limeninyima usingizi.

Yaya yako,
Débora


Vuhovi, nyumbani kwako, tarehe 10 Agosti 2023

Yaya,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti chako. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, nimeingia. Majirani wanasema umekwenda soko Bulengera kuuza mihogo na utarudi saa kumi. Naandika juu ya meza yako kwa kalamu isiyotaka kuandika.

Nilikuja kweli, hili usilisome mara mbili ukidhani umekosea.

Ile barua yako nilitembea nayo mfukoni mwezi mzima. Mara mbili nilipanda gari la Issaka hadi Butembo nikarudi na gari lile lile. Mara ya pili alinitazama akasema, "Unalipa njia ya bure, ndugu yangu." Niliogopa kaburi, na kuliko kaburi niliogopa uso wako. Barabara nilikuwa naitaja tu.

Leo nimeshuka garini. Nilipanda njia ya bidoni kutoka chini. Nilipofika karibu na tambarare miguu ilianza kutembea polepole yenyewe, kama wakati ule tulipokuwa tunajua tukifika pale Baba atasema tutue. Nikamkuta. Umepanda maua mekundu pande zote na hakuna jani kavu hata moja. Wakati kabichi zinakufa kwa kiu, wewe ulikuwa unamwagilia pale. Nilikaa chini. Niliyomwambia ni yangu na yake, ila ujue nililia vibaya, na Vagheni aliniona.

Nilipomaliza nilitazama tiyo yako. Yaya, umeilaza vizuri. Mikono ya mtu wa atelier isingeilaza vizuri zaidi. Kosa lilikuwa langu, kwamba nilichora shamba la miaka tisa iliyopita. Nilipanda kijitoni, nikaendelea kupanda hatua sitini, kuna pale maji yanaporuka jiwe. Nimejenga ukuta mpya hapo. Sasa mdomo wa tiyo uko juu kuliko mgongo kwa urefu wa nyumba mbili. Nilikuja na mita mia moja za tiyo nene, nimeondoa ile nyembamba ya kuoshea pikipiki, iko nyuma ya jiko, mrudishie mwenyewe. Juu ya mgongo nimeweka robine ndogo. Kila asubuhi ifungue kidogo hewa itoke, ikianza kutema maji ifunge.

Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu. Nimeikalia hesabu hiyo hapa mezani kwako na nimeona aibu. Miezi miwili ya barua, matuta sita, mgongo wako, kwa kazi ya saa mbili na nusu.

Vinyunyizio vitatu vinazunguka. Utavisikia kabla hujaviona.

Jambo moja. Kile cha juu nilikisimamisha tuta la kwanza, karibu na tambarare. Kikizunguka, ncha ya maji inafika hadi kwa Baba, inalowesha maua na udongo wa miguuni kwake. Sijui kama ni sawa. Nilitaka kukihamisha, nikashika miguu yake ya chuma, nikashindwa. Wewe ndiye uliyekaa matanga, wewe ndiye unayejua. Kama si sawa, kisogeze hatua mbili kushoto, hakitamfikia tena.

Issaka anapiga honi huko chini, anasema akichelewa hatapita kizuizi cha barabarani. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Bado naogopa uso wako. Kidogo tu sasa.

Mdogo wako,
Éliakim


Vuhovi, tarehe 1 Septemba 2023

Mdogo wangu Éliakim,

Nakusalimu, na Abigaïl namsalimia yeye kwanza, maana yeye angalau angenisubiri. Mgongo umeanza kunyooka. Ésaïe amerudi kutoka Kamango, anakaa kwenye kiti ulichokalia, anatazama vinyunyizio kama anatazama mpira.

Nilirudi saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu, Éliakim. Tulipishana njiani pale chini kwenye daraja, gari la Issaka lilinimwagia vumbi nikalitukana, na wewe ulikuwa ndani. Kila nikikumbuka natamani kukupiga kwa mwiko. Umekuja mwaka na miezi minne baada ya mazishi ukashindwa kukaa nusu saa. Vagheni ndiye aliyekuona ukilia, mimi sikukuona. Tangu siku hiyo hanisumbui na mpaka wake, amekuja hata kuuliza kama tiyo yaweza kupita kwake apate maji kidogo. Nimemwambia nitafikiri.

Baba mdogo alifika jana kama alivyosema, na miche ya kalitusi ishirini kwenye kikapu. Mia sita zilizobaki hazikubaki zote, zimefunga mia nne na kitu. Alizigonga kwa vidole moja moja kama mtu anayenunua. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali. Halafu akapanda hadi kwa Baba, akasimama, maji yakazunguka yakampiga kwenye suruali. Hakusogea. Yakaja mara ya pili, yakampiga tena. Akashuka, akachukua kikapu chake, akasema, "Mwaka ule mwingine nitapita tena kuona." Haikuwa ndiyo, lakini miche alirudi nayo.

Uliniuliza kama ni sawa. Nilikaa pale jioni tatu nikitazama. Baba alibeba maji maisha yake yote akiyapeleka kwa mimea, na hakuna siku hata moja maji yalimfuata yeye. Mimi nilikuwa nampelekea kwa kikombe.

Vinyunyizio viwili nahamisha kila asubuhi, tuta hadi tuta. Cha tatu kiko pale pale ulipokiacha, sijakigusa. Tuta lile litaanza kuoza kwa maji mengi karibu na Noeli, kitahitaji kusogezwa hatua mbili. Mimi sikisogezi. Utakuja ukisogeze wewe, nikiwa nimesimama hapo nakutazama.

Yaya yako,
Débora